Dereva Ukutani: Picha za Chapa za Mbio za Magari na Barabara za Kivu

Picha ya chapa inayomtukuza dereva wa mbio za magari ni kazi ya sanaa inayochorwa kwanza kwa mkono, kisha ikachapwa kwa idadi maalumu ya nakala, kila nakala ikiandikwa nambari yake kwa penseli pembeni na kutiwa sahihi ya mchoraji, na mara nyingine sahihi ya dereva mwenyewe, ili mnunuzi ajue kwamba alichonacho hakitachapwa tena. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huzinunua picha hizo kwa fedha nyingi, huzitia fremu na kuzirithisha watoto wao. Historia yake kwa kawaida huandikwa kana kwamba ilianzia Paris na kuishia Monaco na Le Mans. Hata hivyo, anayeitazama historia hiyo kutoka Bukavu, mji uliojengwa juu ya rasi za Ziwa Kivu katika kipindi kilekile ambacho sanaa hiyo ilistawi, ataona kwamba baadhi ya nyuzi zake zimepita mashariki mwa Kongo, na ataona pia jambo ambalo picha zenyewe hazikulionyesha kwa miaka mingi, yaani barabara na watu walioitengeneza.

Mwanzilishi anayetajwa zaidi ni Mfaransa Ernest Montaut, aliyefanya kazi Paris tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1909. Montaut alitumia lithografia, yaani ufundi wa kuchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe laini na kulichapa jiwe hilo kwenye karatasi, halafu rangi zikapakwa kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine, kupitia vipande vilivyokatwa matundu, ambavyo ndivyo stensili. Kwa hiyo hakuna nakala mbili za Montaut zinazofanana kabisa, na hilo ndilo linalowafanya wakusanyaji wazitafute hadi leo. Jambo kubwa zaidi aliloliacha ni namna ya kuonyesha mwendo: aliyachora magurudumu yakiwa yamelala mbele badala ya kuwa duara kamili, akavuta mistari ya upepo nyuma ya gari, akaliacha vumbi lifunike nusu ya picha. Mkewe Marguerite aliendelea na kazi hiyo baada yake, akitia sahihi kwa jina la Gamy. Katika miaka ya 1930 Robert Falcucci, na baada yake Georges Hamel aliyejulikana kwa jina la Géo Ham, waliyahamishia mawazo hayo kwenye mabango ya mashindano ya Monaco, na mabango hayo, yaliyokusudiwa kubandikwa ukutani kwa wiki chache na kuchanwa, leo yanahifadhiwa kwa uangalifu mkubwa.

Mara ya kwanza Kongo ilipoingia katika sanaa hii ya gari na karatasi haikuwa kwa njia ya mbio. Tarehe 28 Oktoba 1924 magari manane ya Citroën yenye mikanda nyuma badala ya magurudumu yaliondoka Colomb-Béchar, kusini mwa Algeria, chini ya uongozi wa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, yakavuka Sahara, yakapita Chad na Ubangi, yakaingia kaskazini mashariki mwa Kongo ya Wabelgiji na kufika Kampala, ambako msafara uligawanyika katika makundi manne yaliyoelekea Mombasa, Dar es Salaam, Msumbiji na Cape Town, kabla ya kukutana tena Madagascar mwezi Juni 1925. Kila gari lilikuwa na nembo yake iliyochorwa ubavuni. Gari la Haardt lilikuwa na mdudu wa dhahabu, na la Audouin-Dubreuil lilikuwa na hilali ya fedha. Kampuni ilikuwa imemchukua mchoraji rasmi, Mrusi Alexandre Iacovleff, ambaye alirudi na mamia ya michoro ya watu aliokutana nao njiani, wakiwamo Wamangbetu wa bonde la Uele. Mwaka 1927 mchapishaji Jules Meynial wa Paris alitoa albamu ya picha zake 50 katika nakala 1,020, na albamu hiyo ni miongoni mwa kazi za chapa zinazotafutwa zaidi kati ya zile zilizotokana na safari ya magari.

Albamu ya Iacovleff inastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu inafanya kinyume cha Montaut. Gari, ambalo ndilo lililolipia kazi nzima, halina nafasi kubwa katika albamu hiyo. Nyuso za watu ndizo zinazoijaza karatasi, zikiwa zimechorwa kwa mkono wa mtu aliyejua kuchora paji la uso, taya na msuko wa nywele bila haraka. Wachache tu kati ya waliochorwa walijulikana kwa majina na wasomaji wa Paris. Ni sifa kubwa ya mchoraji kwamba aliwapa sura za watu kamili katika enzi ambayo mabango ya biashara yaliwadhihaki Waafrika bila haya, lakini ni lazima isemwe pia kwamba msafara huo ulikuwa tangazo la kampuni na la dola, na kwamba sehemu nyingi za njia uliyoipita zilifyekwa na kusawazishwa mapema na vijiji vilivyoamriwa kufanya hivyo.

Katika miaka hiyohiyo Bukavu ilikuwa inaanza kuchukua sura ya mji. Kituo cha Wabelgiji kilichoanzishwa pale mwanzoni mwa karne ya 20 kilikuja kuitwa Costermansville, kwa jina la afisa wa kikoloni Paul Costermans, na jina hilo lilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, liliporudishwa jina la Bukavu. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, chombo kilichopewa mamlaka makubwa ya kugawa ardhi kwa walowezi, na katika miaka ya 1930 mji ukawa makao makuu ya jimbo. Walowezi walileta kahawa, chai na mikwinini, na kwa kuwa mazao hayo yalihitaji kuteremshwa hadi Ziwa Tanganyika, suala la usafiri likawa ndilo suala la kwanza la uchumi wa Kivu.

Reli ya Kivu ilijengwa kutoka Uvira ikipanda bonde la Ruzizi, ikaishia Kamanyola. Haikufika Bukavu kamwe. Kati ya Kamanyola na mji kuna mpasuko mkali wa milima, na hapo mizigo yote ilishushwa kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori yaliyopanda kwa barabara nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima wa Ngomo, upande mmoja jabali na upande wa pili shimo linaloshuka hadi mtoni. Reli ilifungwa kabla ya uhuru. Barabara ya Ngomo ipo hadi leo, na wengi wanaosafiri kati ya Bukavu na Uvira huchagua kupita upande wa Rwanda ili kuikwepa. Dereva wa lori aliyeipanda kila wiki akiwa na tani kadhaa za mizigo, breki za wakati ule na matope ya masika, alikuwa na ustadi ambao dereva yeyote wa Monaco angeuheshimu. Hakuna aliyemchora.

Barabara hizo hazikujengwa kwa hiari. Sheria ya mwaka 1917 iliiruhusu serikali ya kikoloni kuwalazimisha wanakijiji kufanya kazi ya kilimo hadi siku 60 kwa mwaka, na juu ya hiyo ziliongezwa kazi za kuchimba mifereji, kupasua mawe na kuziba mashimo ya barabara, kila kijiji kikibebeshwa kipande chake, huku kiboko kikimngoja aliyechelewa. Wazee wa Bushi, nchi ya Washi inayouzunguka mji wa Bukavu, na wa nyanda za Ruzizi waliijua barabara kwa migongo yao kabla ya kuijua kwa magurudumu. Mwandishi wa historia ya magari katika eneo hili asipoanza na jambo hilo huwa ameanzia katikati.

Bukavu ina ushahidi mwingine wa enzi ya mabango ya mbio, nao ni majengo yake. Nyumba na maduka yaliyojengwa kati ya miaka ya 1930 na 1950 yanafuata mtindo wa Art Deco, hasa tawi lake lililopenda kuta zilizopindwa pembeni, mistari mirefu ya mlalo chini ya madirisha, na veranda za duara zinazokumbusha sitaha ya meli. Ni mistari ileile aliyoitumia Géo Ham kuchora boneti ya gari la mbio, na ilitokana na imani ileile kwamba kasi ni uzuri. Mtu anayetembea kwenye barabara ya Patrice Lumumba, akiinua macho juu ya vibanda vya simu na mabango ya leo, huiona mistari hiyo kwenye zege iliyochakaa. Kwa hiyo Bukavu haikuwa pembezoni mwa mtindo huo; iliupokea mapema, na ikaujenga kwa saruji huku Ulaya ikiuchapa kwenye karatasi.

Uhusiano wa moja kwa moja kati ya Kongo na dereva wa kutukuzwa kwenye picha unapatikana kwa Olivier Gendebien, Mbelgiji aliyezaliwa Brussels mwaka 1924. Baada ya kupigana Vita vya Pili vya Dunia akiwa askari wa miavuli, Gendebien alikwenda Kongo na kukaa takriban miaka minne akifanya kazi ya misitu, na hukohuko alikutana na Charles Fraikin, dereva wa rali aliyekuwa akitafuta mwenza wa kushindana naye. Rali, tofauti na mbio za uwanjani, ni mashindano ya kupita barabara za kawaida kwa kuhesabiwa muda, gari moja baada ya jingine. Waliporudi Ulaya walishindana pamoja, na mwaka 1955 Gendebien, akiwa na Pierre Stasse, alishinda rali ngumu ya Liège–Rome–Liège kwa gari la Mercedes. Ferrari ikamchukua. Kuanzia hapo alishinda Saa 24 za Le Mans mara nne, mwaka 1958, 1961 na 1962 akiwa na Mmarekani Phil Hill, na mwaka 1960 akiwa na Mbelgiji mwenzake Paul Frère, rekodi iliyosimama hadi mwaka 1981 ilipovunjwa na Mbelgiji mwingine, Jacky Ickx. Alishinda pia mara tatu mbio za Targa Florio katika milima ya Sicilia, kwenye barabara za vijiji zenye kona zisizohesabika, kisha akaachana na mbio mwaka 1962 akiwa mzima, jambo ambalo madereva wengi wa kizazi chake hawakulipata.

Hakuna haja ya kudai kwamba barabara za misitu za Kongo ndizo zilizomfanya Gendebien kuwa bingwa. Inatosha kuona kwamba maisha yake ya mbio yalianzia kwenye mazungumzo ya Wazungu wawili katika koloni, na kwamba sifa iliyomtofautisha, yaani kulitunza gari kwa saa nyingi kwenye njia mbaya bila kulivunja, ndiyo sifa iliyohitajiwa na kila aliyeendesha gari mashariki mwa Kongo.

Picha za chapa za Gendebien ni nyingi, na kuna tukio moja ambalo kwa mchoraji ni zawadi. Tarehe 18 Juni 1961, katika mashindano ya Ubelgiji kwenye uwanja wa Spa-Francorchamps, magari manne ya Ferrari yalishika nafasi nne za kwanza. Matatu yalikuwa mekundu, rangi ya mbio ya Italia, na la nne, lililoendeshwa na Gendebien, lilipakwa manjano, rangi ya mbio ya Ubelgiji. Kwa jicho la sanaa, doa hilo la manjano katikati ya wekundu, likipanda mteremko wa msitu wa Ardennes, ni utunzi uliokamilika kabla brashi haijagusa karatasi. Kwa jicho la historia, tarehe hiyo inasema mengine. Kongo ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja tangu uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, na miezi mitano tu ilikuwa imepita tangu Patrice Lumumba, waziri mkuu wake wa kwanza, auawe Katanga, Januari 17, mbele ya maafisa wa Kibelgiji. Rangi ya taifa iliyokuwa ikishangiliwa Spa ilikuwa ndiyo kwanza imeondoka Bukavu kwa aibu, na hakuna picha ya chapa inayoweza kubeba mambo hayo mawili kwa pamoja.

Upande wa mashariki, ambako Waswahili wengi walilijua gari la mbio kwa macho yao, historia ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ilianzishwa rali ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye ikaitwa Safari Rally. Ugumu wake ulijulikana dunia nzima: mwaka 1963 yalianza magari 84 na kumaliza saba tu. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, Sikh aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, akiwa na ndugu yake Jaswant katika gari la Volvo, na akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda mara tano, ya mwisho ikiwa mwaka 1982. Hapa shujaa wa usukani alikuwa mtu wa Afrika Mashariki, na picha yake ilikatwa magazetini na kubandikwa kwenye kuta za gereji na vinyozi, bila nambari ya nakala wala sahihi ya penseli.

Mwaka 1977, rali ilipofikia shindano lake la 25, zilitolewa stempu za posta za ukumbusho. Stempu ni picha ya chapa iliyo ndogo na rahisi kuliko zote, na kwa mtu wa kipato cha kawaida ndiyo pekee iliyowezekana kukusanywa. Katika seti hiyo kuna stempu ya gari linalokata mto na stempu nyingine ya gari linalopita mbele ya wanakijiji. Hiyo ya pili ina thamani ya pekee katika historia inayosimuliwa hapa. Wanakijiji wa kando ya njia ndio waliolisukuma gari lililonasa matopeni, ndio walioonyesha palipo na daraja lililozolewa na mafuriko, na kwenye kipande hicho cha karatasi, hatimaye, wamewekwa katika picha moja na gari.

Kongo yenyewe ilikuwa na sanaa yake ya kutundika mashujaa ukutani, nayo ilimtazama shujaa kwa namna nyingine. Kuanzia miaka ya 1960 wachoraji wa mijini, hasa Lubumbashi, Kinshasa na Bunia, walichora kwa rangi za dukani kwenye kitambaa cha magunia ya unga kilichonyooshwa kwenye fremu ya vijiti, wakawauzia wafanyakazi, walimu na makarani kwa bei ambayo mshahara uliweza kuimudu. Aliyejulikana zaidi katika Kongo ya Waswahili ni Tshibumba Kanda Matulu wa Katanga, aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye kati ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi kwa picha zaidi ya mia moja na kuieleza kwa Kiswahili kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeichapisha kitabuni mwaka 1996. Wachoraji na wanunuzi waliziita picha za aina hiyo ukumbusho, yaani kitu cha sebuleni kinachomfanya mgeni aulize na mwenye nyumba asimulie. Lumumba aliyefungwa kamba, mfungwa anayechapwa viboko mbele ya afisa wa Kibelgiji, na Mamba Muntu, yule nguva wa mtoni, ndizo zilizouzwa zaidi.

Mchoraji Moke wa Kinshasa aliifikisha sanaa hiyo kwenye michezo alipochora pambano la Muhammad Ali na George Foreman la tarehe 30 Oktoba 1974 jijini humo. Katika picha hizo za Kongo bingwa hachorwi peke yake akiikimbia fremu. Umati unachorwa pamoja naye, kwa sababu ushindi ambao haukushuhudiwa na watu haukuwa na maana kwa mnunuzi wa mtaa wa Matonge, Kinshasa, au wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi. Nakala hazikuhesabiwa pia. Picha iliyopendwa ilichorwa tena na tena kwa kila aliyeitaka, na thamani yake haikupungua kwa kuwa jirani alikuwa nayo. Kwa kipimo hicho, sanaa ya gunia la unga iliielewa kazi ya picha ya shujaa kuliko soko la nakala zenye nambari, ambalo humfungia shujaa kwenye droo ili bei yake ipande.

Bukavu haijawahi kumtundika ukutani dereva wake. Wachoraji wa mabango wa mtaa wa Kadutu, wanaoandika majina ya maduka na kuchora vichwa vya wanyolewaji kwenye milango ya vinyozi, wana mkono wa kutosha kuifanya kazi hiyo, na somo lenyewe liko wazi: shofa wa lori na utingo wake, yule kijana mwenye kipande cha gogo mkononi anayekimbia nyuma ya gurudumu ili lori lisirudi nyuma kwenye kona ya Ngomo. Picha za kamera za madereva hao wa miaka ya 1950, 1960 na 1970, wakiwa wamesimama na fulana za mafuta mbele ya malori yao, zimo katika bahasha na masanduku ya familia nyingi za mitaa ya Ibanda, Kadutu na Bagira, na unyevu wa ziwa unazila mwaka hadi mwaka. Familia zenye picha hizo zinaombwa ziandike nyuma yake jina la aliyepigwa, mwaka na barabara aliyoiendesha, na ziwaachie wachoraji na walimu wa mji huu wazinakili wakati walioyajua majina hayo bado wapo.